Kronografu inasoma karibu na futi-pauni 12: kosa ni la bunduki au la kipimo?

#1. Mleta uzi (Leicester, Uingereza)

Wakuu, salaam. Ninaomba msaada wa wenye uzoefu na kronografu, yaani kifaa cha kupima kasi ya risasi, kwa sababu ninachotumia kinanipa majibu yasiyopatana, na nimeanza kuhofia kwamba huenda ninamiliki silaha isiyo halali bila kujua.

Bunduki yangu ni ya upepo, aina ya hewa iliyoshindiliwa kwenye tangi, kaliba .177, na risasi ninazotumia zina uzito wa greni 8.44, yaani gramu 0.547. Duka lililoniuzia liliipima mbele yangu likapata futi 776 kwa sekunde, ambazo kwa risasi hizo ni takribani futi-pauni 11.3. Kama wengi mnavyofahamu, hapa England na Wales bunduki ndefu ya upepo haihitaji cheti mradi nguvu yake isizidi futi-pauni 12, sawa na jouli 16.27. Ikizidi hapo inahesabiwa pamoja na bunduki za baruti, na kuwa nayo bila cheti cha polisi ni kosa la jinai. Kwa risasi zangu, mpaka huo unaangukia kwenye futi 800 kwa sekunde.

Kronografu yangu ni ile ya boksi la kukunja lenye sensa mbili zinazotazama juu, zikiwa zimeachana futi moja, yaani milimita 305. Nikipima jioni gerejini, chini ya taa za tyubu, ninapata 797, 783, 801, 1,113, 786, kisha kifaa kinaandika kosa, kisha 794. Nikipima nje mawingu yakiwa yametanda, kinatulia kabisa: 788, 790, 789, 789, 788. Kwa kuwa namba za nje zinafuatana vizuri namna hiyo, nimeelekea kuamini kwamba 789 ndiyo kasi ya kweli na kwamba mashine ya dukani inasoma chini. Je, nikaze skrubu ya nguvu ili nishuke kidogo?

#2. Mdau wa Birmingham

Ndugu, usiiguse skrubu ya bunduki kwanza. Ukirekebisha bunduki kwa kufuata kipimo ambacho bado hujakihakiki, utakuwa na vitu viwili visivyojulikana badala ya kimoja, na hapo ndipo watu hupotelea.

Kronografu ya aina yako haioni kasi hata kidogo. Inachokiona ni nyakati mbili tu: wakati kivuli cha risasi kilipopita juu ya sensa ya kwanza, na wakati kilipopita juu ya ya pili. Kisha inagawanya umbali ilioambiwa kiwandani kwa muda iliouhesabu. Kwa hiyo kosa lina milango miwili tu ya kuingilia. Ama umbali kati ya sensa si ule ambao kifaa kinauamini, ama sensa mojawapo imeshtuka kwa wakati usio wake. Saa ya ndani yenyewe huendeshwa na kristali, na ni nadra sana kuwa ndiyo yenye hatia, ingawa betri ya volti 9 iliyochoka inaweza kuzifanya sensa ziyumbe. Weka betri mpya kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa zitazame namba zako upya. Ile 1,113 si kasi ya risasi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 15, yaani kama futi 1,116, na gerejini kwenye baridi hupungua kidogo. Namba yako imekaa hapo hapo. Hewa inayotoka mtutuni ilizishtua sensa zote mbili kabla risasi haijafika, na kifaa kikapima wimbi la sauti kwa uaminifu kabisa. Wakati mwingine wimbi hushtua sensa ya kwanza tu na risasi ikaja kuifunga ya pili. Hapo utapata namba ya chini mno, kwa sababu saa ilianza mapema. Inaelekea umekiweka kifaa karibu sana na mdomo wa mtutu. Kirudishe mpaka kama mita moja, na kama una kizima sauti, kifunge.

Kuhusu zile zinazorukaruka kati ya 783 na 801, mshukiwa wangu ni taa. Umeme wa hapa ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya tyubu ya zamani hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja wa mwanga huchukua milisekunde 10. Risasi yako huvuka kutoka sensa hadi sensa kwa takribani milisekunde 1.3. Maana yake ni kwamba kila risasi hupita katika kipande kidogo tu cha mzunguko, na hujui ni kipande kipi. Sensa hushtuka mwanga unapopungua kiasi fulani. Ikiwa mwanga tayari unafifia, pua ya risasi peke yake inatosha kuishtua. Ikiwa unapanda, sensa husubiri mpaka tumbo la risasi lifike. Risasi ya kaliba yako ina urefu wa milimita sita hivi, na milimita sita katika 305 ni asilimia 2. Asilimia 2 ya kasi ni asilimia 4 ya nguvu, kwa kuwa nguvu hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa mtu aliye kwenye futi-pauni 11.7, asilimia 4 inatosha kumvusha mpaka kwenye karatasi bila bunduki kubadilika.

Zima tyubu. Tumia balbu za waya, zile za zamani zenye waya unaowaka ndani, au tochi za betri zikiwa kwenye mwanga wake wa juu kabisa, kwa sababu tochi nyingi zikipunguzwa mwanga huanza kuwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana na jicho, na utakuwa umerudi ulikotoka. Kisha pima umbali wa sensa kwa tepu, katikati hadi katikati, utuletee majibu.

Neno moja kuhusu namba zako za nje. Kufuatana kwake kunaonyesha kwamba kifaa kinarudia jambo lile lile, basi. Hakuonyeshi kwamba jambo hilo ni kweli. Namba zinazotawanyika humtia mtu shaka akachunguza; namba zilizotulia mahali pasipo pake hazimshtui mtu, na kwa maoni yangu ndizo za kuogopwa zaidi.

#3. Mleta uzi

Ahsante sana, mkuu. Nimebadili betri, nimezima tyubu na kuweka taa za waya, na nimekisogeza kifaa kama ulivyoelekeza. Mrukaruko umekwisha, na 1,113 haijarudi tena. Gerejini sasa ninapata 788, 789, 790, sawasawa na nje. Tepu nayo inaonyesha milimita 305 kamili kati ya sensa na sensa. Kwa hiyo inaonekana 789 ndiyo yenyewe, na tofauti na duka bado ipo pale pale.

#4. Mdau wa Houston, Texas

Mimi ninapiga bunduki za baruti, .308 na .223, lakini matatizo ni ya ukoo mmoja. Kwa sisi mlipuko wa mdomoni ni mkubwa, na chembe za baruti isiyoungua huruka pamoja na risasi, kwa hiyo kifaa huwekwa mita tatu hadi tano mbele ya mtutu. Karibu zaidi ya hapo unajitafutia namba za ajabu. Jua la hapa nalo ni mtihani. Likiwa chini asubuhi au jioni, miale huingia kwenye sensa kwa ubavuni, na risasi ya shaba inayong'aa hurudisha mwanga wa ardhi kwenye tumbo lake, ikawa sensa inaona mmeto badala ya kivuli. Dawa yake ni kuipaka risasi wino mweusi wa kalamu nene, na kuhakikisha vile vipande vya plastiki nyeupe vya juu vimefungwa, kwa sababu anga la buluu lisilo na wingu halitoi mwanga uliosambaa sawa.

Kuhusu tatizo la mleta uzi, ninashuku boksi halijanyooka na njia ya risasi. Risasi ikipita kimshazari, kipimo kinaharibika.

#5. Mdau wa Birmingham

Ndugu wa Houston umeligusa jambo la kweli, lakini mwelekeo wake ni kinyume na dalili zetu. Risasi ikipita kimshazari huvuka njia ndefu zaidi kuliko umbali wa sensa, inachukua muda mrefu zaidi, na kifaa husoma chini ya kweli. Kwa nyuzi 5 upungufu ni chini ya nusu ya asilimia. Kwa nyuzi 10 ni asilimia 1.5. Kosa hilo ni baya kwa namna yake: bunduki yenye futi-pauni 12.1, ikipigwa kwa mshazari wa nyuzi 10, itaonekana ina 11.7, na mwenyewe atalala usingizi mnono akiwa nje ya sheria. Lakini ndugu yetu wa Leicester anasoma juu kuliko duka. Mshazari hauwezi kumpandisha.

Kinachopandisha namba kwa kiasi kile kile kila mara ni umbali uliopungua. Tepu imeonyesha 305, nami ninakubali. Swali langu ni kwamba umepimia wapi. Umepimia kwenye uso wa boksi, ilhali risasi haipiti kwenye uso wa boksi. Inapita sentimita kadhaa juu yake. Sensa hutazama juu kwa mistari miwili, na mistari hiyo ikiwa imeinamiana hata kidogo, umbali kati yake hupungua kadiri unavyopanda. Boksi lako ni la kukunja. Likikosa kufunguka hadi mwisho, litakuwa na umbo la V iliyolala, ambalo jicho halilioni.

Fanya jaribio hili. Piga risasi kadhaa zikipita chini, kama sentimita 7 juu ya sensa, kisha nyingine kwenye sentimita 15, bila kubadilisha kitu kingine. Kama mistari ya sensa iko sambamba, namba zitakuwa zile zile. Kama namba inapanda pamoja na kimo, umempata mwizi. Halafu laza rula ya chuma juu ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho, uangalie kama inagusa katikati.

Ukiwa unapiga chini, kinga boksi kwa kipande cha bati nene upande wa mbele. Vioo vingi vimekufa kwa jaribio hili.

#6. Mleta uzi

Nimefanya. Kwa kimo cha chini ninapata 781 hadi 783. Kwa kimo cha juu ninarudi 789 hadi 790. Rula ya chuma inakaa kwenye ncha mbili za boksi, na katikati, penye bawaba, pana mwanya ambao kadi nyembamba inapita bila kugusa. Nilipoichunguza bawaba kwa taa nikakuta kipande cha plastiki kilichobaki kiwandani, kama ukucha mdogo, kinazuia nusu mbili zisikae sawa. Zamani sikuwa naona sababu ya kutazama pale, kwa kuwa boksi hutoa mlio wa kujifunga likifunguliwa.

#7. Mdau wa Birmingham

Ndiyo hilo. Piga hesabu uone lilivyo dogo na linavyodhuru: nusu mbili za boksi zikiinamiana kwa nyuzi 2 tu, umbali kwenye kimo cha sentimita 15 hupungua kwa milimita 5 na kitu. Kifaa kinaamini 305, risasi imevuka karibu 300, na 776 inageuka 789. Kwenye kimo cha sentimita 7 upungufu ni nusu ya huo, na ndiyo 782 uliyoipata. Namba zako zote zinaelekea mahali pamoja, na mahali hapo ni pale pale duka liliposema.

#8. Mdau wa Glasgow

Nimefuata uzi huu kwa makini, kwa kuwa huku Scotland tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata bunduki ya upepo ya chini ya futi-pauni 12 inahitaji cheti chake, na mtu aliyeomba cheti hicho hataki mzaha na namba. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini ndugu yetu asiache boksi lilivyo na kuzidisha kila kipimo kwa 0.984, ambayo ni 776 kugawanya kwa 789? Pili, rada hizi za siku hizi hazimalizi matatizo yote haya?

#9. Mdau wa Birmingham

La kwanza silikubali. Kizidishi hicho ni sahihi kwa kimo cha sentimita 15 peke yake. Siku ukipiga kwenye sentimita 10 kitakuwa kimeshakudanganya, na bawaba ikilegea kidogo zaidi hutajua. Kizidishi kinafaa pale ambapo kosa halisogei, kwa mfano sensa zilizofungwa kwenye chuma kimoja lakini kwa umbali usio sahihi. Kosa lenye bawaba litasogea tu. Kata kile kipande cha plastiki, nyoosha boksi, kisha funga upau wa alumini chini yake kwa skrubu ili lisikunjike tena.

Kuhusu rada, ni kweli zinaondoa habari ya mwanga, kivuli na umbali wa sensa. Hurusha mawimbi, mara nyingi ya gigahezi 24, na kupima jinsi masafa yanavyobadilika yanaporudi kutoka kwenye kitako cha risasi inayokimbia. Kwa kasi ya bunduki hii badiliko ni takribani hezi 38,000, na hilo huhesabika kwa usahihi mkubwa. Lakini nazo zina magonjwa yake. Risasi ya .177 ni shabaha ndogo sana kwa rada, kwa hiyo hufuatiliwa kwa umbali mfupi tu. Rada iliyowekwa pembeni ya mtutu huitazama risasi kwa mshazari mwanzoni, na ndiyo maana baadhi hukuuliza umeiweka umbali gani kutoka kwenye mtutu. Ukiipa jibu la uongo nayo itakujibu hivyo hivyo. Ukichagua kundi la kasi la bunduki za baruti huku unapiga ya upepo, haitakusomea kitu. Na kwenye uwanja wenye watu wengi, risasi ya jirani inaweza kuiamsha, ukaandika kasi ya bunduki isiyo yako. Kwa bei yake, mimi ningenyoosha boksi.

Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Futi-pauni hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa greni na kasi mara kasi, kisha kugawanya kwa 450,240. Tumehangaika na kasi, lakini uzito tumeusoma kwenye kopo. Pima risasi kumi kwa pamoja kwenye mizani ya vito, kisha gawanya. Ukipima moja moja kwa mizani inayosoma gramu 0.01, hatua moja ya mizani ni karibu asilimia 2 ya uzito wa risasi yako.

#10. Mdau wa Bristol

Nyongeza fupi kwa wasio na kronografu ya pili. Simu ya kawaida inaweza kuwa shahidi wa ziada. Weka bamba la chuma lililoinamishwa chini kwenye mita 10, vaa miwani ya kinga, na weka simu ikirekodi katikati kabisa, mita 5 kutoka kwenye mtutu na mita 5 kutoka kwenye bamba. Kwa kuwa sauti ya mlio na sauti ya kugonga zinasafiri umbali ule ule kuifikia simu, muda kati ya vilele viwili kwenye programu ya kuhariri sauti ni muda wa risasi hewani, bila kuhitaji kujua kasi ya sauti. Rekodi ya kawaida ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo saa si tatizo. Tatizo ni tepu, maana sentimita 5 za kosa katika mita 10 ni nusu ya asilimia.

Angalizo ni kwamba unachopata ni wastani wa njia nzima. Risasi nyepesi namna hii hupoteza zaidi ya mita moja kwa sekunde katika kila mita inayokwenda, hivyo wastani utakuwa chini ya kasi ya mdomoni. Mbinu hii itakuambia kama kronografu inadanganya kwa asilimia 5; haitakuamulia ugomvi wa asilimia 1.

#11. Mleta uzi

Nimekata kile kipande, nikafunga upau wa alumini, na rula sasa inalala bila mwanya. Kimo cha chini na cha juu vinatoa namba zile zile. Jumamosi niliipeleka klabuni, tukaiweka kwenye mstari mmoja na kronografu ya klabu, risasi moja ikipita kwenye zote mbili. Yangu ikiwa mbele inasoma 775 hadi 778, na ya klabu nyuma yake inasoma pungufu kwa futi mbili au tatu. Tulipobadilishana nafasi, yangu ndiyo ikawa pungufu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo tofauti ni hewa inayoipunguza risasi njiani. Risasi kumi zimetoa gramu 5.49, yaani greni 8.47 kila moja, na nguvu inatoka futi-pauni 11.3.

Swali la mwisho: ninataka kuhamia risasi za greni 10.34 kwa ajili ya masafa marefu. Kuna haja ya kupima upya, ikiwa bunduki ni ile ile?

#12. Mdau wa Birmingham

Ipo, tena kabla hujanunua makopo mengi. Bunduki za hewa ya tangi kwa kawaida hutoa nguvu zaidi kwa risasi nzito, kinyume na nyingi za springi, kwa hiyo 11.3 ya risasi nyepesi inaweza kuwa 11.8 au zaidi kwa nzito, huku kasi ikiwa imeshuka na kukufanya udhani uko salama zaidi. Polisi wakiipeleka maabara wanaweza kuijaribu kwa risasi za aina mbalimbali, na yenye nguvu kubwa ndiyo itakayokuhukumu. Kwa greni 10.34 mpaka wako si 800 tena. Ni futi 722 kwa sekunde. Jaza tangi, piga mfululizo mzima mpaka presha ishuke chini ya kiwango cha kawaida, na uandike kila namba pamoja na presha yake, kwa sababu bunduki isiyo na kidhibiti cha presha hupanda kasi katikati ya tangi kabla ya kushuka, na kilele hicho ndicho cha kulinganisha na 722.